Wasomaji Wanauliza: Kifungu, Rejista na Chokaa

Barua za toleo hili zinahusu fedha za serikali kwa makumbusho madogo na vikundi vinavyotunza malikale. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Bei zilizomo kwenye majibu ni za mfano, za kuonyesha hesabu inavyopangwa. Za kwenu ziulizeni dukani.

"Hakuna kifungu"

*Wahariri, shikamooni. Kikundi chetu kimekusanya ngoma, mikuki, vibuyu na lubugo (nguo za magome ya mti) za wazee, na tumepewa chumba kwenye jengo la zamani la chama cha ushirika. Tumeiandikia halmashauri mara mbili kuomba ruzuku. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili, tuliyoipeleka Machi, imejibiwa kwa maneno mawili: hakuna kifungu. Ndiyo namna ya kutufukuza? — Msomaji, Karagwe*

Marahaba. Huenda mmefukuzwa kistaarabu, lakini mara nyingi jibu hilo ni la kweli tupu. Mkurugenzi wa halmashauri hana droo ya fedha anayoifungua na kuamua leo ampe nani. Kila shilingi inayotoka iliandikwa kwenye bajeti tangu mwaka uliopita, kwenye mstari wenye namba yake na kazi yake (ndio uitwao kifungu), na akiitoa kwa kazi nyingine atajibu hoja ya mkaguzi. Barua ya Machi inamkuta na bajeti ya mwaka huu imefungwa na ya mwaka ujao imeshapita kwa madiwani. Hata akiipenda, hana pa kuiweka.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Rudini nyuma kutoka hapo. Madiwani hupitisha makadirio yao mapema, na kabla yao vijiji na kata vinakuwa vimeibua miradi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Mradi wenu lazima uibuliwe huko chini: usemwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uingie kwenye muhtasari, upande Kamati ya Maendeleo ya Kata anakokaa diwani, ndipo ufike wilayani. Anzeni Agosti au Septemba. Oktoba bado mko salama. Januari mmechelewa, subirini mzunguko mwingine.

Muhtasari huo usichukuliwe kama karatasi ya kawaida. Uwe na uamuzi ulioandikwa wazi (tunataka nini, wapi, nani atatunza), idadi ya waliohudhuria, orodha ya saini na muhuri wa mtendaji. Chukueni nakala yenu siku hiyohiyo, kwa sababu watendaji huhamishwa na majalada hubaki bila mwenyewe.

Halafu badilisheni mnachoomba. Kukipa kikundi fedha taslimu ni jambo ambalo halmashauri nyingi hulikwepa, maana mkaguzi atauliza kwa nini kikundi hiki na si kile. Rahisi zaidi kwao ni kugharamia mali inayobaki kwa umma: paa, mlango, kuvuta umeme, choo cha wageni, kibao cha barabarani. Ombeni hivyo. Lakini jengo ni la ushirika, na hapo ndipo maombi mengi hufia: serikali haiezeki jengo ambalo kesho mwenyewe anaweza kuwatoa. Pateni kwanza mkataba wa matumizi wa maandishi, miaka 10 ikiwezekana, 5 isipungue.

Wa kumwona mwanzo ni Afisa Utamaduni wa wilaya. Barua yake ya kuwatambua haina hata senti moja ndani yake, ila kila mwenye fedha mtakayemwendea ataiulizia.

Angalizo moja: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Fedha za Mfuko wa Utamaduni na Sanaa zinazowafikia wasanii nazo zimekuwa zaidi ni mikopo. Makumbusho ya kiingilio cha shilingi 1,000 hayawezi kurejesha mkopo. Banda la kahawa na vikapu pembeni yake linaweza. Mkikopa, kopeni kwa ajili ya banda.

Orodha iko kwenye simu ya katibu

*Tuna vitu 140: mapiko (vinyago vya kuvaa), vyungu, mitego, vifaa vya jando. Tuliomba fedha kwenye mfuko wa ubalozi mmoja tukanyimwa kwa sababu "mikusanyo haina kumbukumbu". Orodha tunayo, iko kwenye simu ya katibu. Wanataka nini tena? — Msomaji, Newala*

Wanataka kujua kwamba katibu akihama, au simu ikiibwa stendi, vitu 140 bado vitajulikana ni vya nani na viko wapi. Mtoa fedha anaogopa jambo moja kuliko yote: kununua rafu leo, na mwakani rafu zipo lakini mapiko yameuzwa. Rejista ndiyo inayomwondolea hofu hiyo, na kuitengeneza ni kazi isiyosubiri ruzuku.

Nunueni daftari gumu lililoshonwa kwa uzi, kurasa 200. Msitumie faili la karatasi za kutoboa. Karatasi inayochomeka ndiyo hiyohiyo inayochomoka. Kitu kimoja, mstari mmoja, kwa wino usiofutika. Safu ziwe hizi: namba, tarehe kilipoingia, jina la kitu kwa lugha ya wenyewe kisha kwa Kiswahili, kimetengenezwa kwa nini, vipimo kwa sentimita, hali yake, kimetoka kwa nani na kijiji gani, kimetolewa au kimeazimwa, na kiko rafu ipi. Safu ya hali iandikwe mnachokiona: "ufa wa sm 4 sikio la kushoto, matundu ya wadudu mgongoni". Neno "nzuri" halimsaidii mtu, kwa sababu mwakani hamtajua ufa ulikuwepo au umetokea mikononi mwenu.

Namba msizipange 1 hadi 140. Tumieni tatu zilizotenganishwa kwa nukta: 2025.3.7 ni mwaka 2025, mzigo wa tatu kupokelewa mwaka huo, kitu cha saba ndani ya mzigo. Chungu chenye kifuniko kinakuwa 2025.3.7a na 2025.3.7b, kwa sababu vifuniko vina tabia ya kuachana na vyungu vyao. Namba ya kitu kilichopotea haipewi kingine. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake na uweke saini; dawa ya kufutia isionekane kabisa kwenye daftari hilo.

Kuandika namba juu ya kitu ndiko kunakoharibu vitu vingi. Kwenye mti na udongo, wataalamu hupaka kwanza tone la vanishi angavu inayoweza kuondolewa baadaye (Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni ndiyo ya kawaida), doa la ukubwa wa ukucha, sehemu isiyoonekana wageni wakitazama. Likikauka wanaandika kwa wino mweusi, wanapaka tena juu. Msipoipata, funga kikaratasi kigumu kwa uzi wa pamba, inatosha. Kalamu ya maka inanyweka ndani ya mti haitoki tena. Selotepu ni mbaya kuliko maka: gundi yake inageuka rangi, inashika vumbi, na siku ya kuibandua inaondoka na rangi ya lipiko. Nguo na lubugo hushonewa utepe wa pamba wenye namba, mishono miwili pembeni, basi.

Kila kitu kipigwe picha mbili juu ya kitambaa cha rangi moja, pamoja na rula na kikadi cha namba. Kisha hati ya makabidhiano: ukurasa mmoja, nani ametoa, ametoa moja kwa moja au ameazima, kama ameazima hadi lini, saini za shahidi wa pande zote mbili. Familia nyingi "hutoa" kitu kwa mdomo, na mzee akifariki wajukuu hukidai. Hapo hati ndiyo itakayosema.

Vifaa vya jando waulizeni wazee kabla ya kuvipiga picha. Visivyotakiwa kuonekana na kila mtu viandikwe "havionyeshwi", viwekwe kabati lao. Msidhani mtoa fedha atachukia. Anayejua kazi hii ataona mnajua mnachokitunza.

Na msisahau Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Kama mnavyo, taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale. Kuchimba ardhini "kutafuta vya kuongezea" bila leseni ni kosa, na andiko la kuombea fedha linalotaja uchimbaji huo kwa kujivunia linajikaanga lenyewe.

Watu wawili wakishazoea, mmoja anapima na mwingine anaandika, huweza kumaliza vitu 15 kwa siku. Vyenu 140 ni siku 10. Shikeni namba hiyo, inatumika kwenye jibu linalofuata.

Milioni 12 zikawa 5

*Bajeti yetu ilikuwa shilingi 12,000,000. Tumekubaliwa 5,000,000 bila maelezo. Mstari mkubwa ulikuwa "vifaa vya ghala na kazi nyinginezo, 7,000,000". Tulikosea wapi? — Msomaji, Musoma*

Toeni 7 kwenye 12. Mwenye kupitia bajeti ameufuta mstari huo mzima na kuacha iliyobaki. Maneno "na kazi nyinginezo" ndiyo yaliyomchoma. Hajui ananunua nini, na akiulizwa na mkubwa wake hana la kusema.

Kila mstari uwe na kitu, idadi, bei ya kimoja na jumla, na idadi iwe na asili yake. Tuwachukue wale wa Newala wenye vitu 140:

Rafu za chuma, 6 × 250,000 = 1,500,000
Masanduku ya plastiki yenye vifuniko, 40 × 18,000 = 720,000
Vipima joto na unyevu, 3 × 45,000 = 135,000
Wavu wa madirisha, mita 12 × 6,000 = 72,000
Posho ya waorodheshaji, watu 2 × siku 10 × 30,000 = 600,000
Kusafirisha bidhaa, safari 1 × 250,000 = 250,000
Jumla ndogo: 3,277,000
Dharura, asilimia 5: 163,850
Jumla kuu: 3,440,850

Tazameni mstari wa posho. Siku 10 zimetoka kwenye vitu 140 kwa 15 kila siku, na andiko limeshasema hivyo ukurasa wa pili. Mtu akitaka kukata, itabidi aseme ni vitu gani visiorodheshwe. Rafu 6 nazo ziwe na mchoro wa chumba, hata wa kalamu ya risasi, unaoonyesha zinavyokaa na nafasi ya mtu kupita. Ambatisheni nukuu za bei tatu kwa kila kitu kikubwa, zenye tarehe, jina la duka na TIN yake (namba ya mlipakodi). Nukuu tatu zenye mwandiko mmoja zinajulikana zilipotoka, msijaribu.

Mchango wenu nao uandikwe. Chumba mlichopewa bure kina kodi ambayo mngelipa. Nguvu kazi ya wanachama ina siku na bei ya kibarua wa eneo hilo. Ila ukiandika siku 60 za kujitolea, utatakiwa kuonyesha mahudhurio ya siku 60. Andikeni mnachoweza kukithibitisha. Mishahara ya kudumu karibu hakuna anayeilipa, na posho za vikao zikizidi theluthi moja ya bajeti, msomaji anaanza kuona mradi wa kukaa vikao.

Swali ambalo bajeti haina safu yake lakini huulizwa daima: fedha ikiisha, nani ananunua umeme wa LUKU? Jibu liwe na chanzo chenye jina. Kusema "wanajamii watachangia" bila kusema nani na kiasi gani ni sawa na kutojibu.

Saruji au chokaa

*Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya mawe ya matumbawe tumeigeuza makumbusho ya mtaa. Tumepata fedha za kutengeneza ukuta wa chini, lipu inabanduka hadi kiunoni, ukuta wa mita 8. Fundi ataka saruji kwa kuwa fedha zaisha 30 Juni na chokaa yachelewa. Ofisa wa uhifadhi amekataa saruji. Nani ana haki? — Bi msomaji, Lamu*

Wa alaykum salaam, Bi. Ofisa ana haki. Fundi naye hajakosea kuhusu kalenda.

Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa nje polepole, na maji hayo yana chumvi. Chokaa ina vinyweleo, inaacha mvuke upite. Saruji inaziba. Maji yaliyozibwa yanatafuta pa kutokea, yanapanda juu zaidi ya kiuno, na chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo siku inapobanduka inaondoka na uso wa tumbawe. Ndiyo sababu kuta zilizopigwa saruji hurudi kwa fundi baada ya misimu michache ya mvua zikiwa mbaya kuliko mwanzo. Na mji wenyu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kazi ya saruji kwenye ukuta wa kale ni sababu tosha ya kunyimwa fungu linalofuata.

Sasa hesabu. Mita 8 kwa kimo cha mita 1.5 ni mita za mraba 12. Mikono miwili ya lipu, kila mmoja milimita 10, ni unene wa sm 2, yaani mita za ujazo 0.24. Ongezeni kinachomwagika na kinachojaza mashimo, chukueni 0.3. Kwa kipimo cha chokaa 1 kwa mchanga 3, mtahitaji mchanga lita 300, ndoo 15 za lita 20, na chokaa laini lita 100, ndoo 5. Chokaa inajaa kwenye nafasi za mchanga, kwa hiyo ujazo haujumlishwi. Mashimo makubwa yajazwe kwanza vipande vya matumbawe kwa chokaa. Lipu nene kwa mkono mmoja inapasuka.

Mchanga usitoke ufukweni. Utieni ulimini: ukisikia chumvi, si wa lipu. Kisha tieni konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, iache itulie. Tabaka la tope juu likiwa nene, uoshwe. Chokaa iliyozimwa ikae ndani ya maji wiki 3 kwa uchache, miezi 3 ni bora. Isiyozimika sawasawa ina chembe ngumu zinazokuja kuzimika ukutani, nanyi mtaona lipu inatoa vijishimo kama ndui. Ukuta uloweshwe kabla ya kupiga, na lipu mpya ifunikwe kwa gunia bichi siku kadhaa. Jua na upepo vikiikausha haraka hubaki unga.

Hapo ndipo kalenda inapobana. Fedha zikitoka Januari, chokaa izimwe na kuwekwa majini wiki hiyohiyo, kabla hata ya kukubaliana na fundi. Februari banduweni lipu mbovu hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, rekebisheni mfereji na mlizamu usiendelee kumwaga maji ukutani (bila hilo kazi yote ni bure), na uacheni ukuta upumue. Lipu ipigwe Machi, masika hayajashika. Mkiona hamtawahi, barua ya kuomba kuongezewa muda iandikwe Aprili, ikiwa na picha na risiti za yaliyokwisha. Barua ya tarehe 28 Juni haina wa kuisoma.

Kaunti au Makavazi?

*Tuna makavazi madogo ya jamii. Kaunti yatutuma kwa Makavazi ya Kitaifa, nao watuambia makavazi ni kazi ya kaunti. Tumechoka nauli. — Msomaji, Taita Taveta*

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, makavazi, yaani makumbusho, yametajwa kwa jina miongoni mwa majukumu ya kaunti. Serikali ya kitaifa imebaki na majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hiyo, kama hapo kwenu hakuna eneo lililotangazwa kwenye Gazeti la Serikali chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, fedha zitafuteni kaunti. Makavazi ya Kitaifa waombeni utaalamu: mafunzo ya utunzaji, barua ya kuthibitisha thamani ya mikusanyo. Hiyo nayo ni mali.

Kaunti ina tarehe zake kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na ni afadhali kuzibandika ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya fedha ni 28 Februari. Makadirio ni 30 Aprili. Watu wengi hujitokeza kwenye vikao vya umma vya Mei, wakati vita vyenyewe viliisha Agosti. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba huingia kwenye bajeti kwa shida sana, na ule usiotajwa kwenye mpango jumuishi wa miaka 5 wa kaunti hupata shida mara mbili. Fungueni mpango wa 2023–2027, tafuteni sentensi yoyote kuhusu utamaduni au utalii katika wadi yenu, na andiko lenu liinukuu kwa ukurasa wake. Mwakilishi wadi apewe karatasi moja, si andiko la kurasa 30.

Kama mmesajiliwa kama shirika, kumbukeni Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika 14 Mei 2024. Cheti cha sheria ya zamani kihamishwe kabla ya kuomba.

Fungu la pili limezuiliwa

*Tulitumia fungu la kwanza lote vizuri, hakuna aliyeiba. Fungu la pili limezuiliwa kwa "hoja za nyaraka". Tuliponunua kabati la vioo badala ya rafu, bei ilikuwa ileile. — Msomaji, Dodoma*

Bei ileile, kitu kingine. Mkataba unasema rafu. Kubadilisha kitu ndani ya mstari kunahitaji barua ya kuomba na barua ya kukubaliwa, zote zikiwa na tarehe ya kabla ya manunuzi. Kabati linaweza kuwa bora, na pengine ni bora, lakini kwa mkaguzi rafu hazijanunuliwa na kabati halikuidhinishwa: hoja mbili kwa kosa moja.

Hoja nyingine ambazo huwa zinafuatana na hiyo, zipitieni kabla hamjajibu: risiti isiyo ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), au ya EFD iliyotolewa kwa jina la mweka hazina badala ya la kikundi, malipo taslimu makubwa yaliyotoka benki kwa mkupuo mmoja, kodi ya zuio (mnayomkata mnayemlipa) ya asilimia 5 kwenye huduma na 10 kwenye pango iliyosahaulika, orodha ya posho yenye saini zinazofanana, bidhaa iliyolipwa lakini haina hati ya kupokelea. Risiti za karatasi laini zinafifia ndani ya miezi. Toeni nakala kivuli siku ileile na kuibana pamoja na halisi.

Jibuni hoja moja moja kwa namba yake, ushahidi ukiwa kiambatisho. Kwa kabati, kirini, eleza kitaalamu kwa nini, ombeni idhini ya baada. Ikikataliwa, rudisheni kiasi hicho kwa akaunti ya mradi, fungu la pili litoke. Kubishana kwa miezi 6 kuhusu kabati moja kunawagharimu zaidi ya kabati.

Kwa ufupi

*Kikundi chetu cha Kilwa kinaweza kuomba Unesco moja kwa moja?* Mfuko wa Urithi wa Dunia hupokea maombi kupitia serikali ya nchi mwanachama, kwa hiyo mlango wenu ni Idara ya Mambo ya Kale na Tume ya Taifa ya Unesco. Maombi yasiyozidi dola 5,000 hupelekwa wakati wowote. Ya zaidi husubiri 31 Oktoba. Nchi yenye deni la michango haipewi, isipokuwa kwa dharura. Kwa urithi usioshikika, kama ngoma, ufundi na simulizi, maombi hadi dola 100,000 hupokelewa mwaka mzima, nayo kupitia serikali.

*Fedha za serikali za nje zipo?* Zipo. Marekani ilianzisha mfuko wake wa mabalozi wa kuhifadhi utamaduni mwaka 2001; Uingereza ina Cultural Protection Fund tangu 2016, unaosimamiwa na British Council, na Kenya, Tanzania na Uganda zimo kwenye nchi zilizowahi kulengwa. Fuateni tangazo la mwaka husika neno kwa neno; andiko la mwaka jana lililobadilishwa tarehe tu hutambulika.

*Tumesaini mkataba wa shilingi milioni 35 na mfadhili. Kuna la kufanya zaidi?* Kama ni shirika lisilo la kiserikali Tanzania Bara, kanuni za 2018 zinataka mkataba unaozidi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Hesabuni tangu siku ya saini, fedha ziwe zimeingia au bado.

*Sisi Waswahili wa hapa Leicester twataka kurekodi wazee wetu.* National Lottery Heritage Fund hutoa kuanzia pauni 10,000, na kwa maombi hadi 250,000 uamuzi hutoka ndani ya wiki 8 tangu ombi kamili kupokelewa. Gharama mliyoingia kabla ya kuruhusiwa kuanza hailipwi, kwa hiyo kinasa sauti msikinunue bado. Idhini za wazee za kurekodiwa, zenye saini, zitayarisheni kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

*Mchwa wameingia kwenye rejista yenyewe.* Itieni ndani ya mfuko wa plastiki, toeni hewa, fungeni, iwekeni kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ikitoka, mfuko usifunguliwe kwa saa 24 hadi ipate joto la chumba, la sivyo karatasi italowa. Kisha nakilini daftari la pili, likae nyumba nyingine.